Uzoefu wangu: kutengeneza profaili ya rangi ya kamera kwa kutumia ColorChecker Passport

Kama unapiga kwa kamera moja, unatoa JPEG moja kwa moja na wateja wako hawalalamiki, hela ya kadi hii ya vipande vya rangi nunulia kitu kingine. Betri ya akiba, lenzi, hata stendi nzuri ya taa. Naanza na hilo kwa sababu wengi wanaoniuliza kuhusu ColorChecker Passport wanadhani ni dawa ya picha mbaya. Siyo. Lakini kwa kazi zangu mbili, harusi na picha za vitambaa, ni kitu kidogo kilichoniondolea saa nyingi za kuhangaika mbele ya kompyuta.

Kilichonisukuma kuinunua ni zambarau. Nawapigia picha wafanyabiashara wa vitenge pale Kariakoo, wale wanaouza kwa WhatsApp na Instagram na kusafirisha mzigo mikoani. Siku moja mama mmoja akaniita dukani. Nikamwamkia, akaitikia huku anakunjua kitenge mezani. "Marahaba mwanangu. Hebu tazama mwenyewe." Akaweka simu juu ya kitambaa. Kitenge kilikuwa zambarau iliyoiva, ile ya bilinganya; kwenye simu kilikuwa bluu. Mteja wake alikuwa amerudisha mzigo, anadai ametumiwa nguo ya mtu mwingine.

Jambo la kuudhi ni kwamba urari wa weupe (white balance), ule unaofanya nyeupe itoke nyeupe, kwenye picha ile ulikuwa sawa. Maua meupe ya kitenge yalikuwa meupe, ukuta wa kijivu ulikuwa wa kijivu. Hapo ndipo wapiga picha wengi tunapokwama, maana tumezoea kuamini kwamba ukishapima nyeupe, rangi nyingine zote zinajipanga. Urari wa weupe unahakikisha nyeupe na kijivu tu. Zambarau, damu ya mzee na kijani cha chupa kila moja inakaa pale ambapo profaili ya kamera imeipeleka.

Profaili ni nini? Faili ghafi (RAW), lile ambalo kamera haijalichakata kuwa JPEG, halina rangi kama tunavyoijua. Lina namba: mwanga kiasi gani umepita kwenye vichujio vyekundu, kijani na bluu vilivyo juu ya sensa, yaani kipande cha kamera kinachopokea mwanga. Profaili ndiyo inayoamua namba hizo tatu ni rangi gani. Na vichujio vya kamera havipokei mwanga kama jicho linavyoupokea. Chukua hiyo hiyo zambarau: mwanga wa mawimbi mafupi kabisa, jicho la binadamu linauona ukiwa na wekundu kidogo ndani yake. Vichujio vyekundu vya kamera nyingi haviuoni wekundu huo kwa kiasi kile, basi zambarau inateleza kuelekea bluu. Ukiongeza wekundu kwa mkono unairudisha zambarau, na papo hapo ngozi ya mwanamitindo inakuwa kama ameunguzwa na jua.

Adobe, wenye programu ya kuhariri picha ya Lightroom, wana profaili yao kwa kila modeli ya kamera. Kwa muda mrefu ya kuanzia ilikuwa Adobe Standard, na tangu 2018 Lightroom inaanza na Adobe Color, ambayo imeongezwa mvuto kidogo. Si mbaya hata kidogo. Ila zimetengenezwa kumfaa kila mtu, na mimi nilihitaji ya kamera zangu na kazi zangu.

Kadi yenyewe ina historia. Mpangilio wake wa vipande 24 ulitoka 1976 kwa kampuni ya Macbeth ya Marekani, na haujabadilika: safu nne za vipande sita, safu ya chini ikiwa nyeupe, vijivu na nyeusi. Jina limepita mikononi mwa kampuni ya X-Rite, na tangu 2021 bidhaa za wapiga picha zinauzwa kwa jina la Calibrite. Passport ni toleo linaloingia mfukoni, limefungwa kwenye kasha la plastiki linalosimama lenyewe mezani. Kuna ukurasa wa vipande 24, ukurasa wa kupimia weupe, na mwingine wenye vipande vya kuongeza joto au ubaridi kwenye picha, ambao kusema kweli siugusi.

Kitu kilichonifurahisha: kipande cha kwanza kabisa, juu kushoto, ni ngozi nyeusi, cha pili ndiyo ngozi nyeupe. Ukikumbuka kwamba miaka hiyo maabara za filamu zilikuwa zikirekebisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley, si jambo dogo. Hata hivyo ni kahawia moja tu. Ukumbi wa harusi Dar una watu kuanzia maji ya kunde mpaka weusi tii, na kipande kimoja hakiwezi kuwasemea wote.

Utengenezaji wa profaili ni rahisi kuliko unavyosikika. Unapiga picha ya kadi kwa faili ghafi, unaigeuza kuwa DNG, faili ghafi la mfumo wa Adobe, kwa programu yao ya bure, unaiburuta ndani ya programu inayokuja na kadi, yenyewe inatafuta vipande 24, unaandika jina, unahifadhi. Unafunga Lightroom na kuifungua upya, profaili inakusubiri kwenye orodha. Wanaotumia Capture One, programu nyingine ya kuhariri picha, wanapita njia ya faili la TIFF na kupata profaili ya aina ya ICC badala ya DCP, ile ya Lightroom. Ukitengeneza kwa kamera ya modeli moja, usishangae isipoonekana kwenye picha za modeli nyingine: Lightroom inaificha kwa makusudi, kwa kuwa jina la modeli limeandikwa ndani ya faili.

Ugumu wote uko kwenye picha ile ya kadi. Mwanga lazima uwe sawa kutoka pembe hadi pembe. Mimi naipiga nje, anga wazi, mbali na ukuta wa rangi, na mbali na nguo yangu pia; fulana nyekundu ukiwa umbali wa mkono inaipaka kadi wekundu bila wewe kuona. Naiinamisha kidogo mpaka vipande vyeusi viache kung'aa. Vikiwa na mng'ao hesabu yote inaharibika. Kipande cheupe kisiungue kwa mwanga kuzidi, hata kwenye chaneli moja ya nyekundu, kijani au bluu, na kadi isiwe kidoa katikati ya picha, maana programu haitaiona. Usipige kadi chini ya mwembe ukadhani uko kivulini tu. Mwanga uliopita kwenye majani ni wa kijani, na profaili itajitahidi kuufuta kijani hicho kwenye kila picha utakayoipiga baadaye.

Naitengeneza profaili ya taa mbili, na hiyo ndiyo ninayomshauri mtu yeyote. Unapiga kadi mara moja kwenye mwanga wa mchana na mara nyingine kwenye balbu ya nyuzi, ile yenye mwanga wa njano wa karibu kelvini 2850 (kipimo cha joto la rangi), programu inaziunganisha kwenye faili moja. Baada ya hapo Lightroom inachanganya pande hizo mbili kulingana na joto la rangi uliloweka. Tatizo ni kuipata hiyo balbu. Siku hizi kila duka ni LED tupu. Niliazima taa ya halojeni kwa mpiga video wa zamani, zile zilizokuwa zikiwatoa maharusi jasho enzi za kanda za VHS, akacheka sana aliposikia naitaka ya nini.

Matokeo kwenye vitambaa niliyaona mara moja. Zambarau ya yule mama ilirudi kuwa zambarau. Haikulingana na kitambaa kwa asilimia mia, bado ina ubaridi kidogo, lakini hakuna mtu atakayeiita bluu. Damu ya mzee ndiyo iliyonishangaza zaidi: awali ilikuwa inatoka nyekundu ya kawaida, ile ya kung'aa, sasa ina ule uzito wake wa kahawia. Kijani cha kanga kimetulia. Manjano haikubadilika sana, ilikuwa sawa tangu mwanzo.

Kwenye ngozi lazima niwe mkweli zaidi, kwa sababu matangazo yanaahidi sana. Profaili ilinipa ngozi kama ilivyo, na ngozi kama ilivyo si lazima ipendwe. Bibi harusi aliyelipia vipodozi hataki usahihi wa maabara, anataka ajione amewaka. Kwa hiyo naanza na profaili yangu, halafu naongeza joto kidogo na kupunguza wekundu wa mashavu. Tofauti ni kwamba sasa naongeza kwa kupenda kwangu, nikijua nimeanzia wapi.

Faida kubwa kwangu iko kwenye harusi, na hapo ndipo kadi ilipolipa gharama yake. Mimi na msaidizi wangu tunatumia kamera za kampuni mbili tofauti, moja inavuta njano, nyingine inavuta wekundu. Sare za kamati zilikuwa zikitoka rangi mbili kwenye albamu moja, na wanakamati wanaona, usidhani hawaoni. Wamechangishana kwa ajili ya rangi hiyo. Tulipiga kadi moja, mahali pamoja, wakati mmoja, kwa kamera zote mbili, nikatengeneza profaili mbili na kuziweka ziwe za kuanzia kila ninapoingiza picha. Zimekuwa kama mtu na mdogo wake: unaona hawafanani kila kitu, lakini unajua ni wa nyumba moja. Kazi ya kulinganisha picha za kamera mbili, iliyokuwa ikinilaza saa nane usiku, imebaki kurekebisha mwangaza tu.

Sasa mipaka yake. Taa za DJ hazina dawa. Ukumbi ukishamwagiwa LED za bluu na pinki, hakuna rangi ya kurudisha, kwa sababu mwanga wenyewe haukubeba rangi nyingine. Usipoteze muda kupiga kadi humo. LED za bei rahisi za ukumbini nazo zina mapengo kwenye mwanga wao. Unaweza kutengeneza profaili ya ukumbi fulani, na kwa kazi ya bidhaa inafaa, ila kwa harusi ambako unatoka nje na kuingia ndani, ya taa mbili inatosha. Suti nyeusi za poliesta zinazotoka na ukahawia pia zitabaki hivyo. Kitambaa hicho kinarudisha mwanga wa infraredi ambao jicho halioni na kamera inauona kidogo, na kipande cheusi cha kadi hakina tabia hiyo.

Halafu vipande 24 ni vichache. Programu za kubonyeza mara moja zinapiga hesabu kwenye vipande hivyo na kukisia kilicho katikati yake, na makisio yakienda mbali, utaona rangi inaruka pale inapotakiwa kufifia taratibu: anga ya magharibi, puto linalomulikwa kwa nyuma. Ndiyo maana sifuti Adobe Color. Picha za machweo ufukweni Coco nazirudisha huko bila kusita.

Wasiotaka kulipia Lightroom wana njia. RawTherapee, programu ya kuhariri faili ghafi, inasoma profaili za DCP bila shida na ni ya bure. Darktable, nayo ya bure, tangu toleo la 3.6 la mwaka 2021 inaisoma kadi ndani yake yenyewe, hutengenezi faili pembeni. Wenye moyo wa kuandika amri kwenye kompyuta watapenda DCamProf ya Anders Torger, programu ya kutengeneza profaili inayokuruhusu kuamua rangi ipi ipewe uzito na mpito uwe laini kiasi gani. Ina toleo la kulipia lenye madirisha na vitufe, Lumariver Profile Designer. Zambarau yangu bora niliipata kwa DCamProf, baada ya kusoma mwongozo wake mrefu. Kwa mtu mwenye harusi kila Jumamosi sioni kama huo muda upo.

Kuhusu bei, nililipa zaidi ya dola 100 kabla ya usafiri, na kwa karatasi zilizopakwa rangi ndani ya plastiki inauma. Ukitaka ya mtumba, uliza imetengenezwa lini. Rangi za vipande zilibadilishwa kidogo Novemba 2014, na programu inayotumia vipimo vya kadi mpya itaisoma kadi ya zamani kwa makosa madogo. Iangalie pia juani kabla hujatoa hela: iliyofifia au yenye alama za vidole usiichukue hata kwa nusu bei. Na zipo za kuigiza mtandaoni za bei ya chipsi kuku, zenye vipande 24 vilivyochapwa kwa printa ya kawaida. Nilionyeshwa moja mjini. Vijivu vyake havikuwa vijivu, vilikuwa na uwaridi. Hiyo haifai hata kupimia weupe.