TAHADHARI: Muuza kompyuta za "gigahezi 5.2" ni tapeli, mimi nimeshaliwa

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na aibu, na sijui ipi imezidi. Wa karibu mnajua kwamba mwezi mzima nilikuwa nasaka kompyuta. Mmoja wenu alinikataza, anajijua. Haya, ulikuwa sahihi, furahi, tuendelee.

Nimepigwa. Nimepigwa mchana kweupe, nimekaa kitini, nimeikodolea macho skrini ileile iliyokuwa inanidanganya.

Mashine yenyewe ni ya mezani, na ndani ina prosesa (chipu inayofanya hesabu zote) ya Intel Core i7-8700K. Ndiyo, ni ya 2017, msinianze. Core sita (ni kama prosesa ndogo sita ndani ya moja), nyuzi 12 (kazi inazoshika kwa pamoja), kwa shughuli zangu inanitosha. Kutoka kiwandani inafika spidi ya gigahezi 4.7 core moja ikiwa kazini, na 4.3 zote sita zikikaza. Huyu bwana akatangaza kwamba yake ameipandisha hadi 5.2 na "imetulia kama maji mtungini". Chipu za aina hii zinazotulia kwenye 5.2 ni za kubahatisha. Nami nikajiona mwenye bahati.

Siku hiyo nimeirudia kichwani mara mia. Aliiwasha mbele yangu. Ubavu wa kasha ulikuwa wazi, na feni ya kusimama ilikuwa inapuliza mle ndani. Nilipomuuliza akasema ametoka kuipuliza vumbi. Sawa. Akafungua CPU-Z, programu ya kusoma spidi ya prosesa, ikasoma megahezi 5200 na kitu, ndiyo hiyo 5.2. Akanyoosha kidole mpaka kikagusa kioo: "Soma mwenyewe, mdogo wangu." Nikasoma. Kwa sauti! Kama mtoto wa chekechea anayesomeshwa irabu. Akatabasamu, kisha taratibu kabisa akalifunga lile dirisha la CPU-Z, akasema ukiacha programu mbili wazi unaharibu matokeo ya kipimo.

Hapo ndipo niliposhikwa. Nilimwona kwa macho yangu akilifunga, na kichwa nikatikisa kumkubalia.

Akafungua Cinebench, programu ya kupima nguvu ya prosesa kwa kuichoresha picha. Vile viboksi vikaanza kuijaza picha, kama dakika moja hivi vikamaliza. Namba ikatoka. Akapiga meza kofi: "Umemwona mnyama huyo?" Namba ile sikujua niilinganishe na nini, lakini nikakunja midomo kama mjuzi, nikasema "duh, si mchezo". Nikaipiga na picha kwa simu. Hiyo picha ninayo, mtaona chini kwa nini naitaja.

Msinione boya. Mtu huyu anajua kuongea, na anachokiongea kina ukweli ndani, hapo ndipo shida ilipo. Alinieleza volti inavyoporomoka prosesa inapobanwa na kazi, na LLC, mpangilio mmoja kwenye BIOS (programu ya msingi ya bodi, inayoamka kabla ya Windows), inavyoziba lile pengo. Akaniambia 5.3 alijaribu ikamshinda, akarudi 5.2. Sasa tapeli gani anakwambia kilichomshinda? Na mwizi huyu akanionya juu ya wezi! "Usinunue kwa mtu asiyekupimia mbele yako, utalia." Windows alikuwa ameiweka upya asubuhi ileile, eti niipokee ikiwa safi. BIOS kaifunga kwa nywila ili watoto wasije wakachezea volti, nywila atanitumia jioni. Nikamwona muungwana. Nikalipa yote bila hata kuomba apunguze.

Siku ya kwanza, shwari. Siku ya pili nimekaa nasikiliza muziki, sina kingine nilichofungua, skrini ya bluu, ile ya Windows kuanguka. Nikaiwasha, nikaipa kazi ya kurenda video ndefu (kuitengeneza faili la mwisho) saa nzima nikiisubiri ianguke. Haikutikisika. Video ikaisha, nikafungua kivinjari nisome habari: bluu.

Hicho ndicho kilichonivuruga akili wiki mbili. Tumezoea mashine isiyotulia inaangukia kwenye kazi nzito. Yangu ilikuwa inabeba gunia bila kuhema, halafu inajikwaa kwenye unyoya.

Nikampigia. Akasema ni RAM. Nikaweka MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha, mizunguko minne, kosa hakuna. Nikampigia, akasema ni power supply, kile kifaa cha kuigawia mashine umeme. Nikaazima ya shemeji, nikaivunjia mashine yake, mpaka leo hajaniangalia vizuri. Bluu palepale. Akasema Windows, nikaifuta Windows, na mafaili mawili ya mteja yakaenda nayo. Mara ya nne akasema umeme wa kwangu mchafu. Mara ya tano simu iliita hadi ikakata. Nywila ya BIOS sijaiona hadi leo.

Basi nikafanya nilichotakiwa kufanya siku ya kwanza. Nikafungua HWiNFO, programu inayoonyesha spidi, volti na joto, na kuiacha wazi pembeni. Muziki ukipiga: kizidishi 52 (namba inayopanga spidi, 52 ndiyo gigahezi 5.2), volti 1.48. Wanaotaka chipu hii iwadumu hawapendi kuvuka 1.4 kwa matumizi ya kila siku. Nikaanza kurenda video, na palepale kizidishi kikashuka hadi 42. Nikadhani ni joto. Joto lilikuwa 70 na ushee, na chipu hii inaanza kujibana ikifika 100. Si joto. Nikashusha XTU, programu ya Intel yenyewe ya kuchezea hizi spidi, na hapo nikaikuta imeandikwa waziwazi: ofseti ya AVX, 10.

Kwa asiyejua: AVX ni amri nzito za hesabu ambazo programu kama za video na Cinebench mpya huzitumia. Zinachemsha prosesa kuliko kazi za kawaida, kwa hiyo BIOS inakuruhusu kusema "ukikutana nazo, punguza hatua kadhaa". Si dhambi. Watu wanaweka mbili, tatu. Huyu kaweka kumi! Maana yake mashine imekaa bure inasoma 5.2, unapendezwa, na ukiipa kipimo inashuka kimyakimya hadi 4.2, inapita, inarudi juu. Ndiyo maana CPU-Z ilifungwa. Ndiyo maana render ilikuwa inapita na muziki unaniua: kwenye muziki hakuna AVX, ilikuwa kweli inakimbia 5.2 isiyoiweza.

Nikaitoa ile picha ya simu nikalinganisha. Namba yangu ni ya 8700K ambayo haijawahi kuguswa, tena pungufu kidogo. Kiwandani core zote 4.3, yangu 4.2. Nimelipia nyongeza ili niwe chini ya mwenye ya kawaida.

Nikachomoa ile betri ya sarafu kwenye bodi, CR2032, BIOS ikasahau kila kitu na nywila yake. Nikaiacha kila kitu kama kiwandani, nikasema angalau nitabaki na 4.7 yangu halali. Wapi. Kumbukumbu za matukio za Windows zikajaa WHEA-Logger, tukio namba 19 (kosa la kifaa ambalo mashine imelisahihisha yenyewe), moja baada ya jingine, kisha ikaganda. Nikashusha kizidishi hadi 46. Ikaganda. 44, makosa yakapungua lakini yapo. 43, moja baada ya saa tatu. Nikaweka 42, nikaiachia Prime95, programu ya kuikaza prosesa mpaka mwisho, nikalala. Asubuhi safi, kosa hakuna hata moja.

Arobaini na mbili. Ileile.

Yaani chipu imechoka, imelishwa volti za kupindukia kwa muda mrefu mpaka sasa inadai volti zaidi kwa spidi ileile, na uchovu huo haurudi nyuma. Na huyu mtu ALIJUA. Alikaa akaipima hatua kwa hatua kama nilivyofanya mimi, akaijua ilipokomea, kisha akaifichia nyuma ya ile kumi. Kwa ujuzi ule angeweza kuwasaidia watu. Kaniuzia maiti aliyevalishwa suti.

Mnaosema nimsamehe, hapana. Afungiwe kila anapotangaza. Arudishe pesa, alipe na wiki zangu mbili, alipe mafaili ya mteja, kisha akae mbele ya skrini ya bluu mwaka mzima amsubiri mtu wa kumwambia ni RAM. Wale wa sheria humu, niambieni picha ya Cinebench na rekodi za simu zinanifikisha wapi.

Dalili za kumtambua tapeli wa hivi, maana jana mmeniuliza: Windows ya asubuhi ile ile, historia yote ya makosa imefutika. BIOS yenye nywila, usinunue, kwisha. Kisoma spidi kiachwe wazi kipimo kikiwa kinaenda, uangalie kizidishi, usiangalie namba ya mwisho. Ubavu wa kasha ufungwe, joto lisifichwe na feni ya nje. Halafu mwache aongee huku mashine inapiga muziki tu nusu saa, mimi ningemkamatia hapo hapo. Kuna nyingine ya volti nitaieleza nikipoa, sasa hivi nikikumbuka kile kidole chake juu ya kioo mikono inatetemeka.

Nililotaka kusema haraka ni hili: jana jioni ametoa tangazo jingine. Jina tofauti, feni ileile pembeni ya picha, CPU-Z imekaa peke yake kwenye skrini. Safari hii anasema 5.3, ile aliyoniambia ilimshinda. Kama kuna aliyekwisha kumtumia pesa ya kushikia, aizuie sasa hivi, na aniandikie pembeni nimtumie hiyo picha ya feni.