Mashine ya nyasi niliyobadilishiwa mpini: uzoefu wangu baada ya kukatwa mkono

Nimekatwa mkono wa kulia chini ya kiwiko. Ninayoieleza hapa ni mashine ya kawaida ya kukatia nyasi, ya kusukuma, inayotumia betri, ambayo fundi wa viungo bandia na fundi wa kuchomelea walishirikiana kuibadilisha mpini. Kwa kifupi, nimerudi bustanini na sina mpango wa kuondoka tena.

Kwanza, kwa nini betri. Mashine nyingi za petroli huwashwa kwa kuvuta kamba kwa nguvu huku mkono wa pili ukiwa umebana wenzo wa usalama. Ndoano yangu, yaani ncha ya mkono wangu bandia, hailiwezi zoezi hilo. Ni ya aina aliyoipatia hataza D. W. Dorrance mwaka 1912, baada ya yeye mwenyewe kupoteza mkono kwenye kiwanda cha mbao: unavuta waya kwa bega, inafunguka, ukilegeza, pete za mpira zinazovutika zinaifunga. Maana yake nguvu ya kushika inatoka kwenye pete hizo, si kwenye misuli, na mvuto wa ghafla huichomoa kwenye mpini. Isitoshe, injini ya petroli hutetema sana, na mtetemo huo ukichanganyika na jasho ndani ya soketi, yaani kikombe cha mkono bandia kinachovaliwa kwenye kigutu, ngozi ya kigutu inachubuka kabla hujamaliza nusu ya uwanja.

Lakini ya betri nayo ina mtihani wake, na wauzaji hawautaji: lazima ubonyeze kitufe na kuvuta wenzo kwa pamoja. Kabla ya kununua, nenda ukajaribu kwa mkono wako na kiungo chako bandia. Kwangu ncha ya ndoano inakifikia kitufe na mkono wa kushoto unavuta wenzo, basi kazi inaanza.

Sasa mabadiliko yenyewe. Upande wa kulia wa mpini wamefunga kikalio cha mkono: nusu bomba la plastiki ngumu lililotandikwa mpira, na mbele yake kijiti cha wima ambacho ndoano inakizunguka. Ninasukuma kwa mkono wote wa kulia kuanzia kiwikoni, si kwa ndoano. Hapo ndipo uzuri wote ulipo. Kwenye kona, pale unapokandamiza mpini ili magurudumu ya mbele yainuke, uzito wa mkono unatua kwenye kikalio na mashine inageuka bila bega la kushoto kulipia gharama. Walipima urefu nikiwa nimesimama na kiungo changu nimekivaa, mabega yakiwa sawa. Kipimo hicho kisiachwe hata kidogo, maana bega zima likibeba kazi ya mabega mawili kwa miaka, nalo litaharibika.

Kikalio kiko wazi juu. Kuna aliyependekeza nifungwe kwa mkanda ili mkono usitoke, na nilikataa papo hapo. Ukiteleza kwenye mteremko wenye umande, unatakiwa kuachana na mashine mara moja, si kuburutana nayo. Kwa sababu hiyohiyo usimruhusu mtu yeyote akufungie wenzo wa usalama kwa waya eti upumzishe vidole. Nchini Marekani sheria iliyoanza mwaka 1982 inataka kisu cha mashine ya kusukuma kisimame ndani ya sekunde 3 baada ya kuachia wenzo. Sekunde hizo ni vidole vya mguu wako. Sisi tuliokwisha kupoteza kiungo hatuna cha kuongezea hapo.

Nimependa pia kwamba hawakutoboa bomba la mpini, kwa sababu tundu lingelidhoofisha. Kila kitu kimeshikwa kwa vibano na nati zenye nailoni ndani, zisizolegea kwa mtetemo. Mtu mwenye mikono miwili akitaka kuitumia, kikalio kinavuliwa haraka.

Kwa aliyekatwa mguu juu ya goti nisingependekeza mpango huu. Kusukuma kwenye ardhi ya mashimo na goti bandia ni hatari. Atafute ya kukalia, yenye mwendo unaoongozwa kwa mkono, na swichi ya kiti inayozima kisu mtu akinyanyuka ibaki ilivyo. Na kifyekeo cha kuning'iniza begani nimekiacha kabisa: kisu kikigonga jiwe kinaruka pembeni, na ndoano haiwezi kukizuia.

Kasoro zipo. Mpira wa kikalio unashika joto juani, kwa hiyo ninautandika kitambaa cha pamba. Vifundo vya kukunjia mpini vilikuwa vya kuzungusha, vikawa adhabu, hadi vilipobadilishwa kwa vibano vya wenzo kama vya kiti cha baiskeli. Ambalo halijatatuliwa ni mfuko wa nyasi: ukijaa ni mzito na una mshikio mmoja tu juu, na kuukung'uta unahitaji mshikio wa pili chini. Nimeshamwomba fundi aushonee utepe mpana wa kupitisha mkono hadi kiwikoni, na kwa sasa ninaumwaga ukiwa nusu.