Ujiji ni kwetu, lakini kiingilio chako kipeleke Kwihara

Kama nauli yako inatosha sehemu moja tu ya mambo ya kale huku magharibi, shukia Tabora uende Kwihara. Nasema hivi nikiwa mtoto wa Ujiji, Mmanyema kabisa, na najua nyumbani watanisema.

Ujiji nayo nisiipunje. Kufika ni rahisi: Kigoma mjini unapanda daladala, ukishuka uliza "kwa Livingstone", hata mtoto wa chekechea atakuonyesha. Wenyeji tunalipa kidogo kuliko wageni. Ndani ya makumbusho kuna sanamu mbili za Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi, na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, wakisalimiana, kofia mkononi. Nje kuna mnara wenye ramani ya Afrika iliyochongwa msalaba, na kibao cha Kiingereza kinachosema walikutana hapo tarehe 10 Novemba 1871 chini ya mwembe. Mwembe wenyewe ulishakufa, unaonyeshwa watoto wake. Na ziwa limerudi nyuma, kwa hiyo usitegemee kuona maji hapo uliposimama.

Nilikwenda na mpwa wangu wa kidato cha pili. Mtoa maelezo alipomaliza hadithi ya wazungu wawili, binti akauliza, "Samahani kaka, Stanley njia aliijuaje?" Hapo ndipo ziara ilipoanza. Kijana akavuta kiti, akatueleza habari za Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani angali mdogo. Bombay alishafika Ujiji mwaka 1858 na Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, miaka 13 kabla ya kurudi na msafara wa Stanley. Akatueleza na Susi, mtumishi wa Livingstone, aliyetoka mbio kuwapokea wageni kabla bwana wake hajainuka barazani. Binti akanigeukia: "Shangazi, sasa huyu Bombay mbona hana sanamu?" Sikuwa na jibu. Ila ukienda, uliza. Usiposema kitu utapewa ile hadithi fupi uliyoisoma darasa la tano, utapiga picha, utaondoka.

Malazi ya Kigoma siyasifu. Nyumba ya wageni tuliyolala Mwanga ilituahidi maji ya moto, tukapewa ndoo, tena saa mbili baada ya kuomba. Mgebuka wa kukaanga na ugali wa muhogo ndio vilivyonirudisha moyo.

Sasa Kwihara, kilomita chache tu nje ya Tabora mjini. Hapa huonyeshwi mahali palipokuwa na kitu, unaingia ndani ya kitu chenyewe, nyumba walimokaa Stanley na Livingstone: tembe la udongo mwekundu, paa tambarare, mlango wa nakshi kama wa Unguja. Limekarabatiwa, sawa, lakini umbo ni lile lile, na ukiingia kutoka juani unapata baridi ambayo feni haiwezi kukupa. Weka kiganja ukutani uone unene wake.

Unene huo ulikuwa na kazi. Stanley alikwama Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, miezi mitatu mwaka 1871 kwa sababu Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, alikuwa amefunga njia ya Ujiji. Aliungana na Waarabu wa Tabora kwenda kumpiga, wakapigwa wao. Mirambo akaja akachoma sehemu ya Tabora, na Stanley huku Kwihara akatoboa matundu ya bunduki ukutani akisubiri zamu yake. Mwisho alilazimika kuzunguka mbali kusini. Huko shuleni Mirambo tulifundishwa peke yake na Livingstone peke yake, kama watu wa karne mbili tofauti. Ukiwa ndani ya tembe hili unaelewa kwamba mmoja ndiye aliyemchelewesha mwingine kutafutwa.

Mwaka 1872 wazungu hao walirudi hapa pamoja. Stanley akaondoka Machi kwenda pwani, Livingstone akabaki mpaka Agosti akingoja wapagazi aliotumiwa. Mwaka uliofuata alifia huko ambako sasa ni Zambia, na kina Susi na mtumishi mwenzake Chuma wakaubeba mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo, wakipita Unyanyembe hii hii. Mzee aliyetutembeza aliisimulia sehemu hiyo polepole kuliko zote, na hakuangalia saa hata mara moja. Kwa huduma ya namna hiyo ningempa nyota sita kama zingekuwepo.

Kasoro: wageni ni wachache mno, na usafiri wa kurudi hakuna wa kuuotea barabarani. Patana na bodaboda kwenda na kurudi, na umwambie mapema kwamba atangoja, maana mzee akianza habari za Mirambo hutoki upesi. Sisi wetu alipiga honi, halafu akazima pikipiki, akaja kukaa kizingitini asikilize.