Msafara wa baiskeli wa Ijumaa ya mwisho: nyota tatu kati ya tano

Nimeweka nyota kwenye kichwa cha habari ili mwenye haraka aondoke na jibu lake. Najua baadhi yenu mnasoma mkiwa kwenye foleni, pengine foleni iliyoletwa na huo huo msafara.

Kwa asiyeufahamu, Critical Mass ni msafara wa baiskeli wa mara moja kwa mwezi, miji mingi ikiufanya Ijumaa ya mwisho jioni, muda ule ule watu wanapotoka kazini. Ulianzia San Francisco, Marekani, Septemba 1992, waendeshaji wakiwa hawafiki hata hamsini, ukasambaa hadi miji mamia duniani. Hakuna kiingilio, hakuna fomu, hakuna mwenyekiti. Unafika mahali pa kukutania, mnapiga soga, kengele zinaanza kulia, mnaondoka, na njia anaijua aliye mbele (au anajifanya anaijua). Kwenye makutano kundi halikatiki. Taa ikiwaka nyekundu nusu ya watu wakiwa bado nyuma, wachache wanasimamisha baiskeli mbele ya magari ya upande wa pili na kuziba njia hadi wa mwisho apite. Ugomvi wote kuhusu msafara huu unaanzia hapo.

Mimi baiskeli ndiyo usafiri wangu, kazini na sokoni, mvua na jua, kwa hiyo natathmini kama mteja. Nataka kujua jambo moja: Jumatatu asubuhi nikiwa peke yangu ukingoni mwa barabara, msafara wa Ijumaa umenisaidia au umenichongea kwa madereva?

Sifa kwanza, maana msafara unastahili kupewa haki yake. Sijaona kitu kinachomtoa mtu woga wa barabara kuu kama huu msafara. Niliwahi kwenda sambamba na mama mmoja mwenye baiskeli ya kikapu, ameukaza usukani mpaka vifundo vya vidole vimepauka, macho hayatoki kwenye tairi la mbele. Tulipovuka makutano ya pili mabega yalikuwa yameshuka. Muda si mrefu alikuwa anacheka na jirani yake wa kushoto, katikati kabisa ya barabara ambayo siku nyingine angeivuka kwa miguu, tena mbio. Semina ya usalama barabarani haiwezi kumfanyia mtu hivyo. Mwendo wenyewe ni wa pole sana, na hilo lina shida yake, kwa sababu baiskeli ikienda taratibu mno huyumba, na ukiyumba unamgusa wa pembeni. Acheni nafasi. Na tafadhali sana, usishike breki ghafla ukiwa katikati ya kundi ili upige picha.

Sasa wazibaji. Ubora wa msafara mzima uko mikononi mwao, na hapo huduma haitabiriki hata kidogo. Kuna kijana nilimwona akiifanya kazi hiyo kwa ustadi. Alisimamisha baiskeli kwa ubavu hatua mbili mbele ya gari, akavua miwani ya jua ili dereva amwone machoni. Dereva, mtu mzima, akashusha kioo, na ilionekana wazi kuwa tusi liko njiani. Kijana akamwahi: "Samahani sana mzee wangu. Dakika mbili tu, watu ni wengi leo. Wakiisha unapita wewe wa kwanza." Mzee akamtazama, akazima injini, akasema, "Haya, ila ziwe mbili kweli." Ghafla king'ora cha gari la wagonjwa kikasikika. Yule kijana akapiga filimbi, kundi likagawanyika pande mbili, gari likapita moja kwa moja. Kwa hilo ningempa nyota sita.

Makutano yaliyofuata yalishikwa na mwingine. Huyo alimnyooshea kidole dada aliyekuwa na mtoto analia kiti cha nyuma, akapiga boneti kwa kiganja, wenzake wakashangilia. Unadhani yule dada ataikumbuka sura yake? Atakachokumbuka ni baiskeli, na baiskeli atakayoikuta mbele yake wiki ijayo ni yangu. Nyota ya kwanza niliikata pale pale.

Wanaosema kwamba kupita pamoja ni uhuni mtupu watazame Ujerumani. Sheria ya barabarani kule inawaruhusu waendesha baiskeli zaidi ya 15 kuwa kundi moja, wakaenda wawili wawili, na kundi hilo likahesabiwa kama chombo kimoja, sawa na lori refu. Wa kwanza akiingia na taa ya kijani, walio nyuma wanamfuata hata ikigeuka nyekundu. Uingereza kesi ilifika hadi kwa majaji wa juu kabisa, nao mwaka 2008 wakaamua kwamba msafara wa London, kwa kuwa ni wa desturi, haulazimiki kuwapa polisi taarifa mapema. New York ilishika rungu: Agosti 2004, siku chache kabla ya mkutano mkuu wa chama cha Republican, zaidi ya watu 250 walikamatwa katika msafara mmoja. San Francisco yenyewe ilishakamata zaidi ya mia moja Julai 1997, na msafara haukufa. Hasira za madereva nazo si za kuchezea. Februari 2011 huko Porto Alegre, Brazili, dereva mmoja aliuvamia msafara kwa nyuma na kujeruhi watu zaidi ya kumi.

Nyota ya pili imekwenda kwa sababu nyingine, na hii ndiyo inayoniuma zaidi. Muulize mshiriki yeyote tunadai nini, utapata majibu mengi kuliko idadi ya baiskeli. Mmoja anadai hewa safi, mwingine amekuja kwa ajili ya muziki, wa tatu anachukia magari basi tu. Waholanzi wa miaka ya 1970 nao walifunga barabara na kuleta usumbufu mkubwa, lakini dereva aliyesimamishwa alijua kwa nini amesimama. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua zaidi ya watu 3,000 nchini mwao, zaidi ya 400 wakiwa watoto, na waandamanaji walikuwa wakisema acheni kuua watoto. Dai kama hilo meya halikwepi kirahisi. Budapest, Hungaria, nako walichagua kutoka mara mbili kwa mwaka, Aprili na Septemba, wakajaa makumi ya maelfu. Kundi la ukubwa huo mwanasiasa analihesabu kama kura, wala halihitaji kugombana na mtu kila mwezi.

Mashabiki hupenda kunitajia utafiti wa Peter Jacobsen wa 2003, kwamba baiskeli zikiongezeka hatari kwa kila mwendeshaji hupungua: watu wakiongezeka maradufu, majeruhi huongezeka kwa kama theluthi tu. Naukubali. Lakini hesabu hiyo ni ya watu wanaoendesha siku zote. Haihusu jioni moja ya shangwe ambayo baada yake baiskeli inarudi stoo. Yule mama wa kikapu akitoka tena Jumatatu, msafara umenisaidia. Asipotoka, mimi nimebaki na honi za watu waliochelewa nyumbani Ijumaa.

Mwenye watoto wadogo atafute barabara zinazofungwa na jiji lenyewe, kama wanavyofanya Bogotá, Kolombia, kila Jumapili tangu 1974, zaidi ya kilomita 120 bila gari. Huko hakuna wa kugombana naye. Ukiamua kwenda kwenye msafara, kaa katikati, pumpu tairi ukiwa nyumbani, na ukimwona anayepiga boneti za watu mwondoe makutanoni usimame wewe. Siku nikiona bango hata moja lililotaja barabara moja tu inayotakiwa kuwekewa njia ya baiskeli, nitarudi hapa kuongeza nyota ya nne.