Miezi 6 na RuneQuest: hapa upanga unaogopwa

Kila Jumamosi alasiri tunakutana wanne kwa binamu yangu South B, Nairobi, chupa ya chai katikati ya meza, dadu zikirushwa kwenye sinia. Tunacheza RuneQuest, mchezo wa mezani ambao kila mtu huigiza mhusika aliyemtunga na dadu huamua anachofaulu, toleo la 2018, na nataka kuzungumzia mapigano yake tu, maana ndiyo yaliyoniteka.

Nilianzia Dungeons & Dragons, mchezo mwingine wa aina hii, toleo la 5. Humo mhusika ana fungu moja la uhai. Ubakiwe na alama 40 au 1, unapiga upanga vilevile, na ukilala usiku mmoja unaamka na uhai wako wote. Anayetaka ushujaa wa ngano atafurahi. Mimi nilitaka jeraha liume.

RuneQuest inaugawa mwili sehemu 7: kichwa, kifua, tumbo, mikono na miguu, kila moja na alama zake. Ukipigwa, dadu ya pande 20 ndiyo inayosema wapi: 1 hadi 4 ni mguu wa kulia, 19 na 20 kichwa. Deraya hupunguza makali ya pigo. Steve Perrin, mmoja wa walioandika toleo la kwanza la 1978, alikuwa mtu wa SCA, chama cha Marekani ambacho wanachama wake huvaa deraya na kupigana kwa silaha za mazoezi. Ukicheza unauhisi mkono wa mtu aliyewahi kupigwa.

Siku yetu ya tatu, mpiga mkuki wangu alimkabili mwizi wa ng'ombe, mtu wa kawaida kabisa, ustadi wake asilimia 35, yaani dadu zikitoa 35 au chini, pigo limefaulu. Akapata 31. Nikakinga kwa ngao, dadu zikanipa 88, nikashindwa. Ile ya pande 20 ikazunguka, ikatulia kwenye 3. Upanga ulitoa 6, ngozi niliyovaa ikameza 1, zikabaki 5. Mguu wangu ulikuwa na 4. Nikaanguka palepale, siwezi kusimama. Meza nzima kimya. Mhusika niliyemtunga kwa wiki mbili alikuwa chini kwa pigo moja, na moyo ulinienda mbio kwelikweli.

Wanaosema mchezo huu unaua ovyo wanasahau kwamba uganga wa kuponya umeenea humo, na mguu hurudi mwenzako akikufikia. Kazi ni kukufikia huku mkuki umeelekezwa kifuani mwako.

Kinachonipendeza zaidi ni fidia. Kwenye karatasi ya mhusika kuna nafasi ya kuandika kiasi ambacho jamaa zako watalipa ukitekwa. Kwa hiyo kusalimu amri si aibu, ni njia. Tangu siku ile tunatuma mjumbe kwanza, tunahesabu maadui, tunakimbia inapobidi.

Hesabu zipo nyingi, sikufichi. Mwenye ustadi wa 60 hupata pigo maalumu, lenye madhara zaidi, akitupa 12 au chini, na pigo kuu, lile lisilojali deraya, akitupa 3 au chini. Tumeziandika kwa penseli kando ya kila silaha. Hata hivyo, vita vya watu kumi vitakula alasiri nzima. Tafuta kundi lenye subira, wanne au watano wanatosha.

Mpiga mkuki wangu bado yuko hai. Jumamosi ijayo tunapeleka ng'ombe wa kumkomboa.