Kurudi kazini: vidonge vya usiku au sindano ya kliniki?

Kwa anayeishi na skizofrenia, ugonjwa wa akili, kidonge cha olanzapini humezwa mara 1 kwa siku, kwa kawaida usiku. Wengi hukosea hapa: wanameza saa 5 usiku, kisha saa 11 alfajiri waamke kuwahi daladala, na usingizi unawafuata hadi kazini. Saa 2 usiku inafaa zaidi. Kibaya kuliko usingizi ni kuruka dozi kwa kujiona umepona.

Sindano ya flufenazini, dawa nyingine ya ugonjwa huo, huchomwa kliniki kila wiki 2 hadi 4 na haisahauliki kirahisi. Ila mikono inaweza kukakamaa au kutetemeka. Fundi cherehani ataligundua kwenye kutunga uzi. Usiikatishe, mwambie daktari. Mwenye zamu zinazobadilika, sindano inashinda. Mwajiri aombwe mapema ruhusa ya kwenda Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili Dodoma; jina la ugonjwa si lazima.