Kiingereza au Kiswahili: lugha ipi ya kimataifa kwa Mganda?

Ubishi huu ukizuka Kampala, hakosekani wa kusema, "Kiingereza ndiyo lugha ya kimataifa, basi." Sawa, ila inategemea unavuka mpaka upi.

Kwa upana, Kiingereza kinashinda bila jasho. Ni mojawapo ya lugha 6 rasmi za Umoja wa Mataifa. Kiswahili kimepata kiti Umoja wa Afrika, kilipokubaliwa kuwa lugha ya kazi mwaka 2022.

Barabarani mambo hugeuka. Simama Malaba, mpakani na Kenya, alfajiri, kwenye foleni ya malori ya Mombasa. "Bosi, karatasi zangu zimetoka?" dereva anauliza. "Bado kidogo, ndugu yangu," wakala wa forodha anamjibu. Fomu aliyoishika wakala ni ya Kiingereza, lakini bei ya chai, tairi na kitanda hupatanwa kwa Kiswahili. Vuka Mpondwe uingie Kongo, na Kiingereza chako kizuri hakitakununulia hata ndizi.

Gharama? Kiingereza tumekilipia tangu shule ya msingi. Kiswahili tulikikwepa: wazee wetu wanakikumbuka kama lugha ya askari wenye bunduki, na kovu hilo halijapona. Katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini ofisini bado ni mgeni.

Anayeomba chuo London asipoteze usiku kwenye ngeli. Anayepeleka samaki Bunia, kule Kongo, aanze na Kiswahili. Binti yangu anasomea uuguzi na hajui atafanya kazi wapi. Nimemwambia abebe zote mbili. Amenijibu kwa Kiganda.